Maji ya Kopo la Nne

Kila asubuhi kabla ya shule, Kiherehere alipitia maabara ya chuo, alikofanya kazi shangazi yake. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa kuwa hakuweza kuona kazi akaipita. Maabarani alipewa kazi moja tu: kukagua makopo manane ya mimea. Manne aliyamwagilia. Manne yenye alama nyekundu yaliachwa na kiu siku sita, na kwa hayo hata tone lilikuwa mwiko.

"Mmea ukikosa maji hujitengenezea homoni," shangazi alimweleza. "Ni mjumbe anayezitangazia seli kwamba hali ni ngumu, zibane matumizi. Nataka kujua kama anapunguza pia mwendo wa kloroplasti."

Kloroplasti ni vile vijipunje vya kijani vinavyotengeneza chakula ndani ya jani. Kiherehere alikwisha kuviona kwa hadubini. Mwanga ukiwa hafifu vilijitandaza kuupokea; ukiwa mkali vilikimbilia pembeni mwa seli. Alicheka sana, akasema vina akili kuliko kaka yake anayelala juani.

Siku ya tano, mmea wa kopo la nne, lenye alama nyekundu, ulikuwa umelala hoi. Kiherehere alitazama huku na huku, huruma ikamshinda, akaumiminia kikombe kizima.

Siku ya saba, Jumamosi, shangazi alipima majani. Katika makopo matatu yenye kiu, vijipunje vilijikokota. Katika la nne vilitimua mbio kama vya makopo yaliyomwagiliwa.

"Hapa nimekwama," alisema. "Saa nane namwona profesa. Kopo moja likipinga, itabidi nimwambie kiu haina athari ya hakika, basi."

Kiherehere alilitazama kopo la nne. Akinyamaza, nani angejua? Mmea hauna mdomo. Tena alipapenda mno mahali pale, na aliogopa kufukuzwa. Lakini shangazi angesimama mbele ya mkubwa wake na kusema uongo bila kujua.

"Shangazi, la nne nililimwagilia mimi. Juzi."

Shangazi aliweka kalamu chini. "Na umeniangalia nikihangaika asubuhi nzima?"

"Niliogopa utanifukuza."

Shangazi alikasirika, wala hakuficha. Alimsukumia daftari. "Andika mwenyewe. Siku, saa, kiasi cha maji."

Kiherehere aliandika yote. Alasiri profesa aliusoma ukurasa ule, akaagiza kopo la nne liondolewe na jaribio lirudiwe kwa makopo ishirini. Kiherehere aliyatunza mwenyewe, na safari hii huruma yake aliizuia. Siku ya kupima, vijipunje vya mimea yote yenye kiu vilijikokota.

"Sasa naweza kusema nilichokiona bila kusita," alisema shangazi, akimpa daftari jipya la vipimo. "Kumwagilia kulituharibia kopo moja, mwanangu. Kunyamaza kungeharibu kazi yote. Kila mtu hukosea humu, hata profesa. Ninayemwachia makopo yangu ni yule anayeliandika kosa lake."

Kiherehere alifungua ukurasa wa kwanza, akaandika tarehe.