Diski Mbili Zilifanana, Shamba la Mwanangu Likaondoka

Nina miaka ishirini na sita, nina mtoto mmoja wa kiume, na mume wangu yuko kaburini Murusagamba. Nimemaliza kidato cha nne, kwa hiyo asije mtu kuniambia yamenikuta kwa sababu sijasoma.

Mume wangu alikuwa na studio ya picha Runazi. Alipofariki tulimzika kwao, na siku ya kumaliza matanga baba mkwe alisimama mbele ya ukoo, akasema kwa Kihangaza kwamba shamba la migomba la bondeni ni la mjukuu wake, Deo. Nilimrekodi kwa kamera ya marehemu, video nikaiweka kwenye diski kubwa ya studio. Hakuna aliyeandika popote. Nani angebishana na sauti ya mzee mwenyewe?

Kisha baba mkwe naye akafariki. Minong'ono juu ya shamba ikaanza... kikao cha ukoo kikaitishwa.

Na ndipo ile diski ikaanza kugonga ndani, kama kitu kimekatika. Nikamwita shemeji yangu, mdogo wake marehemu, aliyesomea kompyuta chuoni. Alikuja na diski mpya, akaziunganisha zote mbili kwenye kompyuta yake, akafungua ukurasa mweusi wa kuandikia amri.

"Shemeji, hii inanakili diski nzima, hata vumbi lake," akatania. Akanieleza kwamba kwenye amri unataja diski inayotoa, halafu unataja inayopokea. Basi.

Nikamwambia akimaliza ahakikishe, nione kwa macho yangu. Akaandika amri nyingine, ya kulinganisha. "Ikikuta tofauti itasema. Ikikaa kimya, zimefanana."

Tulikaa hadi chai ikapoa. Ikakaa kimya. Jamani, nilifurahi... nikamchinjia kuku.

Siku ya kikao nikachomeka diski mpya mbele ya wazee. Kompyuta ikasema haina kitu. Nikachomeka ya zamani. Nayo haina kitu. Harusi yangu, kicheko cha mume wangu, baba mkwe amesimama na fimbo yake... vyote vimefutika.

Niliwapigia magoti wale wazee mmoja mmoja, shikamoo baba, shikamoo baba mkubwa, nikiwaomba waseme walichosikia. Wakasema siku wanaikumbuka, maneno hawayakumbuki. Shamba akapewa shemeji, eti alitunze.

Nilizipeleka diski kwa fundi Biharamulo mjini. Akaziangalia. "Mama Deo, ile tupu ndiyo iliyotajwa kuwa inatoa. Imemwaga utupu wake juu ya vitu vyako. Na ukaguzi haukudanganya, zinafanana kweli." Nikamuuliza kama vinaweza kurudi. Akanirudishia diski zangu bila kunitazama usoni.

Nikamfuata shemeji. "Shemeji, ni kukosea tu, nilizitaja kinyume," akasema. "Halafu si wewe mwenyewe uliniambia nihakikishe? Nilihakikisha."

Alikosea, au alikusudia? Sitajua mpaka naingia kaburini, na hicho ndicho kinachonichoma. Ningejua ni mwizi ningemwita mwizi. Sasa nimwite nani? Nashtaki nini, na kwa ushahidi gani?

Siku hizi naishi kwa wazazi wangu Murukulazo. Shemeji hutuletea mkungu wa ndizi, anamwita mwanangu, "Deo, njoo uone zawadi ya baba mdogo." Na mtoto anapiga magoti, anashukuru. Ndizi zake mwenyewe... Nami nazimenya, nazipika, kwa sababu mtoto ana njaa.

Dada zangu mnaosoma hapa, nawaomba. Mwenye kufaidika na kupotea kwa kitu chako usimpe akutunzie. Na mtu akikuambia diski zimefanana, muulize zimefanana zikiwa na nini ndani. Ifungue hiyo mpya akiwa bado amekaa mbele yako. Mwone mtu wako, msikie akiongea. Ndipo uchinje kuku.