Mashine Aliyokataa Kumuuzia

Jumamosi ile duka la mashine za kushona lilifurika hadi mlangoni, na fundi cherehani mmoja mtanashati akamkanyaga binti muuzaji mguu.

"Pole, mrembo!"

"Mguu utapona. Hilo shati umeshona mwenyewe?"

"Kwa mikono hii."

"Basi una huruma na kitambaa kuliko miguu ya watu."

Fundi akazama mzima mzima. Ikawa simu kutwa, umekula mpenzi, umefika salama. Hadi siku alipoingia dukani na akiba yake yote, ile ya kufungulia duka lake mwenyewe. Shule moja ilimwahidi oda ya sare zenye nembo, naye alitaka mashine ya kudarizi.

Binti, ndani ya gauni lake la kijani lililomkaa sawasawa, hakutaja hata bei.

"Wamekupa malipo ya awali?"

"Wamenipa neno lao."

"Basi sikuuzii. Kodi mashine muhula huu. Oda ikija kweli, utanunua."

Wateja wakageuka, hata bosi wa binti akainua kichwa. Fundi uso ukamshuka.

"Kumbe unaniona mimi mtu wa kukodi kodi tu!"

"Mpenzi, sijasema..."

"Usiniite mpenzi mbele ya watu!"

Akatoka. Simu ikalia, akaiacha ilie. Lakini lile swali la malipo ya awali lilimganda kichwani, akaenda kukodi mashine duka jingine, bado amenuna.

Muhula ulipofunguliwa, shule ikapata mkuu mpya, na mkuu mpya akaja na fundi wake. Oda ikayeyuka. Fundi akairudisha mashine ya watu, akakaa ameshika akiba yake iliyobaki karibu nzima, machozi yakamlenga. Yule mwanamke angepata kamisheni nono kwa kumuuzia, na alikataa huku bosi wake anasikia! Jamani, mtu apendwe vipi tena?

Akapiga simu.

"Nani mwenzangu?" binti akauliza, makusudi kabisa.

"Fundi. Yule mjinga."

"Wako wengi. Yupi?"

"Anayekupenda."

"Huyo namjua. Njoo."

Alimkuta akifunga duka.

"Nisamehe. Umeniokoa, nami nikakununia."

"Nami nilipaswa kukuambia pembeni, si mbele ya watu."

"Nimepata chumba cha duka pale kona. Kodi yake naimudu hata miezi ambayo kazi imelala. Hiyo mibaya ndiyo niliyoipigia hesabu kwanza."

Binti akamtazama kwa fahari. "Sasa huyo ndiye fundi wangu."

"Ila kuna jambo moja limenishinda kulipigia hesabu. Nataka kukuoa."

"Hee! Bila malipo ya awali?"

"Nina neno langu tu."

Binti akabana kufuli, akaziweka funguo kwenye mkoba, akamshika mkono.

"Lako nalipokea."