Akidi Kabla ya Chakula

"Usimpige risasi," sauti ya Bosi ilisema sikioni mwa Baridi. "Rudia."

"Nisimpige risasi."

Bastola yake, Glock, ilikuwa ndani ya mfuko wa nyaya. Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya ovaroli ya fundi mitambo, nyuma ya mashine ya sauti, katika Mkutano Mkuu wa Kanisa la Kilutheri. Baridi aliwahi kuogelea chini ya meli yenye mabomu. Hakuwahi kusikiliza taarifa ya kamati ndogo ya majengo. Sasa alikuwa ameisikiliza yote.

Hakuhisi kitu. Waliompa jina hilo hawakuumiza kichwa.

Juu, kwenye roshani ya wageni, alikaa Suti Nyeupe, mgeni anayesafirisha pembe za ndovu kwa meli. Alitaka kiwanja cha hospitali ya kanisa kwa sababu ukuta wake wa nyuma unagusa gati. Mwanzoni alidhani ataongea na Askofu Mkuu, wapeane mikono, yaishe. Akaambiwa askofu ana kura moja tu. Akaenda kwa Halmashauri Kuu, ile inayoongoza kanisa kati ya mkutano na mkutano, akanunua wajumbe watatu. Nao wakamweleza, baada ya kupokea, kwamba ardhi huuzwa na Mkutano Mkuu peke yake, kwa theluthi mbili ya wajumbe waliopo.

Waliopo. Suti Nyeupe alilipenda sana neno hilo.

Akamnunua mpishi.

Harufu ya vitunguu iliingia ukumbini mapema kuliko ratiba. Wachungaji walianza kutazama saa zao kwa siri. Walei, wasio na haya, waliondoka. Safu baada ya safu ikawa tupu, wakabaki hasa waliolipwa kuvumilia njaa. Ndipo mmoja wa wale watatu aliposimama, kwenye kipengele cha Mengineyo, akaomba kwa unyenyekevu kanisa liuze kiwanja kisichotumika ipasavyo.

Kilikuwa na wagonjwa mia tatu.

"Bosi, nimpige kidogo tu. Mguuni."

"Hoja itapita watu wakiangalia damu. Katiba yao inataka nusu ya wajumbe wote wawe ndani. Hawamo. Ila mwenyekiti hahesabu mpaka mjumbe aombe, na wewe si mjumbe."

Shangazi wa Baridi alikuwa mjumbe. Muuguzi mkuu wa hospitali hiyo hiyo, amekaa dirishani, amebaki kwa sababu miguu ilimvimba na foleni ya chakula ilikuwa ndefu.

Baridi akashika kipaza sauti, akatambaa chini ya mabenchi kama fundi anayetafuta hitilafu.

Mlinzi wa Suti Nyeupe alimkanyaga mkono. Baridi aliutazama mkono. Akampiga kwa kipaza sauti, Shure ya chuma, ugokoni, kisha kisogoni. Ilikuwa imewashwa. Ukumbi mzima ulisikia.

"Samahani, tunajaribu mitambo," alisema, akamlaza mlinzi chini ya benchi taratibu, kama mtoto aliyesinzia. Akaendelea kutambaa.

Shangazi alimtazama kutoka juu.

"Ahaa. Mazishi ya baba yako hukuonekana. Leo umekuja kutengeneza spika."

"Omba akidi ihesabiwe."

"Hata salamu huna."

"Shikamoo, Shangazi. Wanauza hospitali."

"Marahaba. Wodi zote?"

"Mpaka chumba cha maiti."

"Na kaburi la kaka yangu?"

"Nalo limo."

Shangazi alisimama juu ya miguu yake iliyovimba, akachukua kipaza sauti.

"Mwenyekiti, hoja ya utaratibu. Hivi tuna akidi?"

Askofu, mwenyekiti wa kikao, alikuwa ameshafungua kinywa kuuliza nani anakubali. Akakifunga. Akaagiza wajumbe wahesabiwe safu kwa safu. Kule roshani Suti Nyeupe alimuuliza jirani yake kwa nini askofu asiamue tu. Jirani, mchungaji mstaafu, alimjibu kwa huruma kwamba hata malaika akishuka hapa atasubiri wahesabiane.

Hawakutosha.

Mmoja wa wale watatu alipendekeza haraka kwamba basi hoja ikamaliziwe na Halmashauri Kuu. Askofu akasema Halmashauri haina mamlaka hayo, na yeye pia hana. Akaahirisha kikao hadi baada ya chakula.

Walirudi wote, wameshiba. Shangazi aliongea kwa muda mrefu, akiwataja wagonjwa kitanda kwa kitanda. Hoja ilipata mikono michache iliyonyanyuka kwa aibu, ikafa.

Suti Nyeupe alikimbilia Mercedes yake. Baridi alikuwa kiti cha nyuma, Glock magotini.

"Bosi, sasa naruhusiwa?"

"Pingu tu."

Akamfunga pingu, akawakabidhi polisi.

Shangazi alimkuta nje kwenye ngazi. Akamwambia kaburi liko nyuma ya wodi ya wazazi, si mbali, hata kwa miguu yake hii watafika.

"Twende, baba. Umsalimie tu."

Baridi alijipapasa kifuani kama mtu anayetafuta funguo. Hakukuwa na kitu.

"Siku nyingine, Shangazi."

Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akateremka ngazi na kushika njia ya gatini. Hakugeuka.