Joho la Mpole

"Mdogo wangu, leo ndiyo mwisho," wakala wa ajira za ng'ambo alisema kwenye simu. "Shule wanataka jibu kabla ofisi hazijafungwa. Mwenzako amepata shahada au bado?"

Ticha alikuwa kwenye chumba cha walimu, kalamu nyekundu mkononi, insha za darasa zima zikimsubiri mezani. Akajibu vilevile alivyojibu siku zote, kwamba limebaki somo moja.

"Basi nenda wewe. Shahada unayo, viza yako itatoka. Diploma kule hawaiangalii hata kama mtu anaota kwa Kiingereza. Sheria yao hiyo, sikuitunga mimi. Nafasi ya tatu hii nakushikia, na ya nne sitakuwa nayo."

Akakata. Ticha akabaki anaangalia insha bila kusoma hata neno. Alikuwa amechoka uchovu ule ambao mtu analala nao na kuamka nao.

Yeye na Mpole walifundisha Kiingereza kituo kimoja cha masomo ya jioni, na penzi lao lilianzia humohumo, kwenye kugombea chaki. Mpole aliitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kubishana na mtu, hata na wanafunzi waliomdanganya mchana kweupe. Wakapanga waende kufundisha ng'ambo pamoja, waweke akiba, wafunge ndoa. Ila Mpole alikuwa na diploma tu. Akajiandikisha kusoma shahada mwisho wa wiki, na Ticha akaamua kumsubiri. Nafasi ya kwanza akaiacha ipite. Ya pili nayo akaiacha. Kila alipouliza, aliambiwa limebaki somo moja, na somo hilo lilikuwa haliishi. Subira huvuta heri, walisema wahenga, ila hawakusema inavuta kwa mwendo gani.

Akafunga insha, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mpole. Safari hii alitaka jibu la uso kwa uso.

Mpole alikuwa bado hajarudi. Alimkuta mama yake sebuleni, miguu ameinyoosha juu ya kigoda. Akamwamkia, akaitikiwa, akamiminiwa chai. Lakini mama huyu, ambaye kwa kawaida maneno yake hayana kituo, leo alikuwa anahesabu kila neno. Ticha akamuuliza kama kuna jambo amemkosea.

"Sitaki kukuficha, mkwe wangu. Nina kinyongo na wewe."

"Nimefanya nini, mama?"

"Mtu anavaa joho mara ngapi maishani? Siku ya mahafali ya mwenzako nimesimama juani mpaka miguu ikavimba. Shangazi zake wamepiga vigelegele mpaka sauti zimewakauka. Wewe ukaona bora ukasimamie mitihani. Hata nusu siku hukuweza kuomba?"

Ticha akaweka kikombe chini taratibu.

"Mahafali gani, mama?"

"Ya shahada yake. Mwaka jana, mvua zilipokuwa zinakaribia."

"Na nani alikwambia nilikuwa nasimamia mitihani?"

"Si yeye mwenyewe."

Kisha mama akamtazama vizuri, na kinyongo chote kikamwisha usoni.

"Hakukwambia," alisema.

"Hakuniambia, mama."

Ticha alitamani kulia, machozi yakagoma. Kilichomuuma zaidi ni ile nafasi ya pili. Ilikuja mvua zilipokuwa zimeshakwisha. Aliikataa kwa simu akiwa amekaa kwenye kochi hilihili, Mpole pembeni yake amemshika mkono, akimshukuru kwa uvumilivu wake.

Mlango ukafunguliwa. Mpole akaingia na mkoba wake wa vitabu begani, akatabasamu, kisha tabasamu likakosa pa kukaa.

"Hongera," Ticha alisema.

"Ya nini?"

"Ya shahada."

Mpole akamgeukia mama yake.

"Usinitazame mimi," mama alisema. "Njia ya mwongo fupi, na mimi mama yako umenipitisha humo bila kuniambia."

Mpole akashusha mkoba.

"Sikuwahi kutaka kwenda," alisema. "Ulikuwa unapanga huku unafurahi, nikaitikia. Baadaye nikashindwa kurudi nyuma."

"Mbona ulisoma, basi?"

"Ningeacha ungejua. Nilidhani tukisubiri sana hamu itakuisha, tutaoana, tutakaa hapahapa karibu na mama."

"Siku nimekataa nafasi ya pili, shahada ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Ukanishukuru."

"Nilishukuru kweli. Nakupenda, Ticha. Niliogopa nikisema siendi, utaenda."

Ticha aliamini kwamba Mpole anampenda. Hilo ndilo lililommaliza nguvu kabisa, maana angekuwa tapeli ingekuwa rahisi kumtukana na kuondoka.

Simu ikaita. Alikuwa wakala. Ticha akapokea palepale, mbele yao wote wawili.

"Niandike wangapi, mdogo wangu?"

"Mmoja. Mimi."

"Mwenzako hajapata tu hiyo shahada?"

"Anayo. Niandike mimi peke yangu."

Wakala akamwambia alete pasipoti kesho asubuhi.

Ticha akasimama, akamshika mama mikono yote miwili na kumuaga. Mama hakumzuia. Alimwombea safari njema na kumwambia asiache kupiga simu.

Mpole alikuwa bado amesimama pale alipoweka mkoba.

"Naomba uniambie jambo moja," alisema. "Ningekwambia kweli tangu mwanzo kwamba sitaki kwenda, ungebaki?"

Ticha alivaa viatu vyake, kimoja kimoja, bila haraka. Hakuwa na hasira ya kutosha kumdanganya.

"Ningebaki," alisema. "Ningenuna mwezi mzima, halafu ningebaki."

Mpole alimjua vizuri kuliko mtu yeyote, akajua kwamba hasemi hivyo ili kumkomoa. Ndiyo maana alishindwa hata kumsindikiza mpaka mlangoni.