Kitambaa Chekundu Chini ya Transfoma

Siku ya nne bila stima, Nyakerario aliingia jikoni asubuhi akakuta balbu inawaka.

Alisimama mlangoni na sufuria ya maji mkononi. Dhoruba ya Jumapili ilikuwa imeng'oa mikaratusi kama mtu anayepalilia bustani, ikalaza nguzo kumi na moja kati ya pale na Kebirigo, na tangu hapo mlima mzima ulikuwa giza. Akabonyeza swichi. Balbu haikujali. Akabonyeza tena, mara tatu, mara nne. Akatoka nje kuangalia mita ukutani, akaikuta imekufa, kioo chake hakina hata nambari moja.

"Shetani ashindwe," alisema kwa sauti ndogo.

Ndipo akasikia chumba cha pili kikinguruma. Mashine ya kutotoa vifaranga, ambayo tangu Jumapili alikuwa ameikatia tamaa, ilikuwa ikifanya kazi. Aliweka kiganja juu ya mayai akayakuta yana joto lake lile lile linalotakiwa. Na humo chumbani mlikuwa na harufu, hafifu bado, ya nywele zilizoungua.

Mtu mwenye moyo safi angepiga kelele za furaha na kuita majirani. Yeye alichukua blanketi akalitundika dirishani. Hapo ndipo ujue mtu ana lake rohoni.

Maana huko nje watu walikuwa wamefika mwisho. Majani ya chai yalikuwa yanaozea kwenye magunia katika kituo cha kupimia kwa sababu kiwanda kimesimama. Kinyozi wa sokoni alikuwa ameacha mteja na kichwa nusu, nusu kipara nusu msitu, na mteja mwenyewe ametembea hivyo siku nne. Vijana wa Masimba walikuwa wamechoma matairi barabarani. Waliobakiwa na chaji kwenye simu waliitumia kuwatukana watu wa stima, kuanzia meneja mpaka bawabu. Sasa katikati ya hasira hiyo yote, wewe uwe na taa!

Haikupita saa moja kabla jirani yake, Bitutu, hajaja kuomba makaa ya moto, na macho ya Bitutu hayajawahi kukosa kitu.

"Mama Mose! Wee! Hiyo nini inawaka huko ndani?"

"Ni... sijui, dada. Imewaka tu."

"Imewaka tu! Na sisi tunakula na vibatari!" Bitutu aliangua kicheko, akageuka akaita kijiji kizima.

Wakaja. Wakaja na simu na waya za kuchajia, na mzee mmoja na redio yake imefungwa kwa mpira. Mwanzo walimsifu Mungu. Halafu, kama saa sita hivi, mtu mmoja akauliza kwa upole kwa nini huku tu. Watu wakaanza kuongea chini chini, wakitazama juu kwenye mabati, kwa sababu sasa kila mtu alikuwa akisikia. Kwa. Kwa. Kwa. Chuma kikichoma mti, hatua kwa hatua, kikipanda.

"Kuna mtu juu ya nyumba?" aliuliza Bitutu.

Hapakuwa na mtu. Nyakerario alikuwa anaijua sauti ile. Ni vile vyuma ambavyo fundi wa stima hufunga kwenye buti ili apande nguzo.

Sasa nisikilizeni vizuri, nirudi mwaka mmoja nyuma, kwa sababu uovu wenyewe uko huko.

Mwaka jana dhoruba kama hiyo ilikata waya bondeni, kule kwenye mashamba ya chai. Mafundi wawili walikuja, na watu wakalizuia gari lao, wakasema hamtoki hapa mpaka taa ziwake. Basi mmoja akapelekwa mlima wa pili, ambako nako watu walikuwa wanapiga kelele, na huyu wa kwetu akabaki peke yake. Jina lake Ogada, mtu wa kule ziwani, mrefu, mpole, anacheka kabla hujamaliza kumwambia neno. Alichukua mwanzi wake mrefu akaishusha fyuzi ya transfoma, ikaning'inia, ili waya wa bondeni usiwe na stima. Kisha akauegemeza mwanzi kwenye nguzo, akafunga hapo kitambaa chekundu. Hiyo ilikuwa desturi yake. Transfoma inatazamana na geti la Nyakerario, na Nyakerario alikuwa amesimama getini.

"Mama," akamwambia, "hiki nimefunga mimi, nakifungua mimi. Naenda kupanda kule bondeni. Mtu asiguse hii fyuzi mpaka nirudi nikwambie nimemaliza. Nakuachia wewe."

"Nenda, baba. Nitalinda," Nyakerario akajibu.

Na alilinda, saa nne nzima. Lakini ndani alikuwa na mayai mia tatu, siku ya kumi na tisa, yamebakiza siku mbili yapasuke, na kila akienda kuyagusa anayakuta yamepoa zaidi. Mvua ikaanza tena. Akajiambia, nani atakuwa juu ya nguzo kwenye mvua hii? Lazima ameshashuka, labda anakunywa chai mahali. Watu wote walikuwa wamejikinga, njia haina mtu. Akauchukua ule mwanzi akaipandisha fyuzi.

Taa zikawaka mlima wote. Soko likapiga kelele za shangwe. Hata yeye alicheka.

Kisha mayowe yakatoka bondeni. Ogada alikuwa bado juu ya nguzo, na stima ikamuua huko huko.

Nyakerario alikifungua kile kitambaa akakitupa ndani ya choo cha shimo. Watu walipofika akasema aliingia ndani kidogo kuangalia kuku, hajui nani amegusa. Wakatazamana, na wote wakamfikiria Obadiah, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye karakana karibu na hapo, ambaye kila mtu anajua huwa hangoji watu wa stima fyuzi ikianguka, huipandisha mwenyewe. Walimpiga mpaka goti likavunjika. Aliapa kwa kaburi la mama yake. Nyakerario alisimama getini akaangalia. Polisi walimkalisha ndani wiki mbili wakamwachilia, hakuna ushahidi, lakini kijiji hakikumwachilia. Mke akarudi kwao. Karakana ikafungwa.

Na vile vifaranga mia tatu vilitoka vyote. Hata kimoja hakikufa.

Ndiyo maana siku hiyo, Obadiah aliposukuma geti akiburuta mguu wake, watu walimpisha kama anavyopishwa mgonjwa wa upele. Hakuwa na simu ya kuchaji. Aliangalia mita, akaangalia waya unaotoka ukutani kwenda kwenye nguzo, akausogelea kwa kipima umeme chake. Uso wake ukabadilika.

"Mama Mose," alisema polepole, "hii stima haiji kwako."

"Una maana gani?"

"Inatoka kwako. Inaenda nje, kwenye laini. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Hauna jenereta?"

"Sina."

"Basi Mungu atuhurumie, kwa sababu bondeni kuna vijana wanafanya kazi kwenye hiyo hiyo laini wakijua imekufa."

Mwanawe wa pekee Nyakerario, Mose, alikuwa ameajiriwa kibarua Jumatatu, kuondoa miti iliyolalia nyaya na kuwashikia mafundi waya. Alfajiri hiyo, kabla balbu haijawaka, alikuwa amekunywa chai yake hapo hapo jikoni, akasema leo ndiyo siku yangu ya kwanza kupanda nguzo, Mathe, uniombee.

Alinyakua simu akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Vijana wawili wakarukia pikipiki, lakini daraja lilikuwa limefunikwa na mti, na wa kuzunguka angechukua saa nzima. Nyakerario akakimbia barabarani, akauokota mwanzi kwenye ua wa jirani, akaelekea transfoma aishushe fyuzi. Aliinua macho.

Fyuzi ilikuwa imeshashuka. Ilikuwa inaning'inia, wazi, vile vile Ogada alivyoiacha.

Hakuna kitu mkono wa mtu ungeweza kuzima. Alirudi ndani akapasua balbu kwa ufagio. Vipande vikadondoka na mwanga ukabaki pale pale hewani, mweupe, bila kioo. Wanawake wakapiga nduru wakakimbilia uani. Mzee Osoro, mzee wa kanisa, ambaye watu humwita penye jambo kama hili, aliingia na Biblia yake, akapiga magoti, akakemea kwa jina la Yesu mpaka jasho likamtoka. Mwanga ulizidi. Mzee akaacha kukemea, akakaa kitako, akamtazama Nyakerario.

"Mama Mose," alinong'ona, "mimi nafukuza kitu kisicho na haki ya kuwa hapa. Hiki kinakataa. Kinasema kina haki. Wewe umekifanyia nini?"

"Mimi? Mzee, mimi sijui kitu!"

Mashine ikanguruma kwa nguvu, na harufu ile ya nywele ikajaa nyumba mpaka watu wakaziba pua. Juu, vyuma vikapanda, kwa, kwa, kwa, kwa, vikipanda bila kufika na bila kushuka, na katikati ya ngurumo, karibu kabisa na sikio lake, kwa sauti ya mtu mpole anayeita kutoka mbali akiwa ameshikilia nguzo kwenye mvua, akasikia: "Mama, nashuka au bado?"

"Labda," alisema Nyakerario, "labda mwaka jana kuna makosa yalitokea, mtu alighafilika..."

Mwanga ukazidi maradufu. Obadiah, aliyekuwa ameegemea mlango, alitikisa kichwa.

"Mose yuko juu sasa hivi," alisema. "Ongea kama unayejua hivyo."

Hapo Nyakerario akaanguka kifudifudi, na maneno aliyoyameza mwaka mzima yakamtoka yote kwa pamoja, kwamba ni yeye, kwamba fundi alimwachia ulinzi na yeye akakubali kwa mdomo wake, kwamba mayai yalikuwa yanapoa na mvua ilikuwa inanyesha na hakuna aliyekuwa anamwona, kwamba alipandisha fyuzi kwa mkono wake akacheka taa zilipowaka, kwamba aliyasikia mayowe akayajua ni ya nani kabla hajafika mtu kumwambia, na kitambaa akakitupa chooni. Mwanga ukapungua, ukapungua, ukawa mwekundu kama kaa. Hapo ukakataa kuzimika.

"Bado kimoja," alisema Mzee Osoro.

Nyakerario alikijua. Kilikuwa kimesimama mlangoni na goti bovu. Cha ajabu ni kwamba hiki ndicho kilikuwa kizito kuliko vyote, kwa sababu marehemu hana macho ya kukutazama.

"Obadiah hakugusa kitu," alisema. "Nilijua. Walipokuwa wanampiga nilijua, nikaangalia."

Pakawa giza. Mashine ikanyamaza.

Obadiah hakupiga kelele wala hakulia. Alisema tu, "Kesho asubuhi tunaenda kwa chifu. Utasema hivyo hivyo, neno kwa neno. Na wale walionipiga watakuwepo." Akaliangalia kundi pale uani, mmoja mmoja, na wengi wakaangalia chini. Akaondoka akiburuta mguu.

Nyakerario alibaki getini, macho yakiwa kwenye njia ya bondeni. Jua lilikuwa linakaribia kuzama Mose alipotokea, amejaa matope, akipiga mluzi. Mama yake alimrukia shingoni akamgusa mikono, uso, kichwa.

"Mathe, kwani nini? Niko sawa!"

"Ulipanda?"

"Nilipanda, nikakaa juu mchana wote. Kazi poa tu." Akajikuna. "Lakini kuna fundi mmoja, mrefu, simjui. Alikuwa amekaa chini ya nguzo yangu amebeba mwanzi mrefu, hasemi kitu, ananitazama tu. Nikamwuliza, mzee, unangoja nini? Akasema, namngoja mama yako aamue."

Nyakerario aligeuka akaitazama ile transfoma.

"Baadaye akainuka, akacheka, akasema basi, leo nimemlindia. Kesho alinde mwenyewe. Akanipa hii nikuletee."

Akatoa mfukoni kitambaa chekundu, kisafi, kimekunjwa vizuri, chenye harufu ya nywele zilizoungua.

Stima ilirudi Jumamosi mchana, watu wakiwa kanisani, maana kwetu hiyo ndiyo Sabato, na hata waliokuwa katikati ya sala walipiga makofi. Mayai ya Nyakerario yalikuwa yameoza yote. Kwa chifu alikuwa ameshasema kila kitu, neno kwa neno, na kesi yake inaendelea. Lakini tangu siku hiyo, kila taa zinapopotea, iwe jua iwe mvua ya mawe, anatoka na kiti chake akakifunga kile kitambaa kwenye nguzo ya transfoma, akakaa chini yake mpaka zirudi. Hali, hazungumzi. Mose amemsihi mpaka amechoka. Obadiah hupita pale akienda kwenye karakana yake aliyoifungua tena, na hamsalimu.

Ukimwuliza anangoja nini, atakuonyesha juu kwa kidole, pasipo na mtu, na atakuomba unyamaze usikilize. Kwa. Kwa. Kwa. Anasema fundi bado anapanda.