Povu Lililokataa Kupanda

Kila asubuhi, kabla Houda hajavaa sare ya shule, mama yake alimkagua miguu, magoti na viwiko. Popote ngozi ilipoonekana kavu, mafuta yalipakwa upya. Wakati wa kiangazi, vumbi la mtaa wao wa Nyakabiga linapotimka, ukaguzi ulirudiwa mara mbili.

"Mama, inatosha. Nitachelewa."

"Apana, leta iyi mukono," Mama Saliha alijibu huku akimsugua. "Unataka watu waseme kwetu hakuna mafuta? Mutoto wangu hawezi kutoka mu nyumba kama mutu aliyelala mu majivu."

Kwa Mama Saliha, mtoto asiyepakwa mafuta alikuwa aibu ya ukoo mzima. Katika jambo hilo hakuna aliyethubutu kubishana naye, hata Baba. Kwa hiyo Houda, msichana wa miaka kumi na miwili, alifika shuleni kila siku aking'aa mpaka mabegani.

Chumba cha sayansi cha shule yao kilikuwa na kitu kilichowafanya wanafunzi wajivune mtaa mzima. Ni tangi dogo la kioo lenye maji ya chumvi, matumbawe hai na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Familia moja ya mtaa wa Kiriri, ilipokuwa ikihama nchi, ilimwachia tangi hilo Mwalimu Gélase anayefundisha sayansi. Majirani wa shule walicheka waliposikia kwamba mwalimu huchanganya chumvi na maji kwenye ndoo. "Tanganyika yote ile iko pale chini, na bado munatengeneza maji?" walimuuliza. Mwalimu Gélase hakuchoka kueleza kwamba maji ya ziwa hayana chumvi, na samaki wa baharini hawawezi kuishi humo.

Pamoja na tangi lilikuja boksi la mashine ambalo lilikuwa halijafunguliwa. Juu yake paliandikwa kwa Kifaransa *écumeur*, lakini wanafunzi waliiita mashine ya povu, na jina hilo likabaki.

Siku ya kuifunga, Mwalimu aliwachagua Houda na rafiki yake Nella wamsaidie. Waliitundika kwenye ukingo wa nyuma wa tangi, darasa zima likiwa limewazunguka.

"Pampu hii inavuta maji na hewa kwa pamoja," alieleza. "Inatengeneza mapovu madogo sana. Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula, hata yale msiyoyaona, yananata kwenye mapovu hayo. Povu linapanda kwenye shingo hii, linamwagikia kwenye kikombe cha juu, na sisi tunakimwaga. Tusipoutoa, uchafu unaozea majini na matumbawe yanajikunja."

Alipoiwasha, mashine ilinguruma, mapovu yakachemka, na kikombe kikajaa maji meupe matupu. Wanafunzi wakaguna.

"Mashine mpya lazima izoee," Mwalimu alisema. "Koki hii inapunguza na kuongeza hewa. Tutaizungusha kidogo, kisha tutangoja mpaka kesho tuone. Mwenye haraka asiiguse kabisa."

Nella akakabidhiwa koki, kwa kuwa alikuwa msichana mtulivu na mkono wake hautetemeki. Houda akapewa kazi ya kuingiza mkono ndani ya tangi kila asubuhi, afute kioo na kusimamisha matumbawe yaliyoanguka. Mwalimu akaweka sharti moja: kabla ya kuingiza mkono, mtu anawe kwa sabuni mpaka juu ya kiwiko, kisha ajisuuze kwa maji mengi mpaka sabuni yote iishe.

Nella alifanya kazi yake kwa subira. Kila asubuhi alisogeza koki kidogo tu, akaondoka. Baada ya siku kadhaa povu likawa zito, likapanda taratibu, na kikombe kikaanza kujaa maji ya kahawia yanayonuka vibaya. Wanafunzi walipigana vikumbo ili wayanuse, kisha wakakimbia nje wakicheka.

"Kumbe samaki walikuwa wanaoga mu hii?" aliuliza Patrick, mwanafunzi mwenzao, akiwa amejibana pua.

Nella alifurahi sana siku hiyo. Alikuwa mtoto asiyesemwa sana darasani, na sasa kila mtu alijua jina lake kwa sababu ya povu.

Asubuhi moja bomba la shule halikutoa maji. Ili kunawa, Houda alipaswa kwenda hadi kwenye pipa karibu na lango, na kengele ilikuwa karibu kulia. Akaitazama mikono yake. Ilikuwa safi, inang'aa. Akaiingiza ndani ya tangi, akafuta kioo, akatoka. Samaki waliendelea kuogelea kama kawaida. Kesho yake bomba lilitoa maji, lakini Houda alikuwa ameshaona kwamba kunawa ni usumbufu wa bure. Hakunawa tena.

Mchana wa siku ile ile ya kwanza, povu lilishuka. Siku zilizofuata likakataa kabisa kupanda shingoni. Mashine ilinguruma tu, kikombe kikiwa kikavu. Mwalimu aliisafisha pampu, akapima kina cha maji, akaongeza hewa na kuipunguza. Hakupata kitu. Jumatatu asubuhi povu lilikutwa limerudi kidogo baada ya mapumziko ya mwisho wa wiki. Nella akagusa koki, Houda akafuta kioo, na ilipofika saa sita povu lilikuwa limekufa tena.

Kufikia hapo maji yalianza kuwa na ukungu. Matumbawe ya zambarau, ambayo yalizoea kutandaza vidole vyake, yalijikunja. Samaki mmoja alikaa karibu na uso wa maji, akihema kwa kasi.

"Ni Nella," Patrick alisema. "Iko anachokorachokora koki kila siku. Mi nilimuona."

"Apana! Mi nazungusha vile Mwalimu alinionyesha," Nella alijibu, lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

Mwalimu Gélase akawaita Nella na Houda mezani kwake. "Nella, unazidisha koki?"

Nella alifikiri kidogo. "Apana, Mwalimu. Sijui... labda siku moja nilizidisha."

"Na wewe Houda, unanawa mpaka kwenye kiwiko?"

"Ego, Mwalimu, nanawa," Houda alijibu upesi. Ndiyo hiyo ilimtoka yenyewe. Aliona ni jambo dogo, na kwamba halihusiani na povu.

Mwalimu akatikisa kichwa, akamwambia Nella apumzike na kazi ya koki kwanza.  Nella alirudi kwenye dawati lake, akainamisha uso, na wakati wa mapumziko hakutoka nje kucheza.

Jumamosi Houda alikuwa uani akiosha vyombo. Mama alikuwa amekaanga sambusa kwa ajili ya wageni, na sahani zilikuwa zimelowa mafuta. Houda alikoroga sabuni ndani ya karai mpaka povu likafura hadi ukingoni. Kisha akatumbukiza sahani ya kwanza. Povu likaanza kunywea. Alipoingiza sufuria ya kukaangia, likapotea lote, yakabaki maji machafu.

"Mama, povu imeenda wapi?"

"Weee, unaanza na sufuria ya mafuta?" Mama Saliha alimcheka. "Mafuta inaua povu. Mwaga, uanze tena, na vikombe vitangulie."

Houda alibaki ameshika sufuria. Aliitazama mikono yake ambayo mama aliipaka mafuta asubuhi ile, kama asubuhi zote.  Akilini alimwona Nella ameinamisha uso kwenye dawati, akaona aibu mpaka machozi yakamlengalenga.

Lakini aibu haikumpeleka moja kwa moja kwenye ukweli. Usiku ule alipata wazo lililomfurahisha: Jumatatu atanawa vizuri. Povu litarudi, samaki watapona, na hakuna mtu atakayeuliza kitu. Hatasema uongo mwingine wowote. Atanyamaza tu.

Jumatatu alinawa kwa sabuni mpaka juu ya viwiko, akajisuuza mpaka vidole vikakunjamana. Mchana povu lilikuwa bado limo kwenye shingo ya mashine. Jumanne lilikuwa zito, na maji ya kahawia yakaanza kudondoka kikombeni. Mwalimu alitabasamu. Darasa likapiga makofi.

"Munaona sasa?" Patrick alipaza sauti. "Nella ametoka, povu imerudi!"

Wengine wakacheka. Nella alitazama mikono yake iliyokuwa juu ya dawati, kisha akaiteremsha chini ya meza, asiione mtu.

Hapo Houda alielewa kwamba kunyamaza kwake hakukuwa kunyamaza. Kadiri povu lilivyozidi kupanda, ndivyo Nella alivyozidi kuonekana mkosaji. Alisimama.

"Si Nella," alisema. "Ni mi. Sikuwa nanawa. Nilikuwa naingia na mafuta ya mama mu maji, siku zote zile. Mwalimu aliniuliza, nikamudanganya."

 Houda alimgeukia rafiki yake. "Nella, unisamehe. Nilijua toka Jumamosi."

 Macho ya Nella yalikuwa yamejaa machozi. "Mi nilikuwa nimeanza kusadiki ni mi kweli," alisema. "Hata nyumbani mama akinipa kikombe, naogopa nitakivunja. Nikasema labda mukono wangu iko mubaya."

Houda alilia kwa sauti. Alikuwa amejiandaa kukasirikiwa, lakini maneno hayo yalimchoma kuliko hasira. Hata Patrick aliangalia chini, akanung'unika, "Basi na mi unisamehe, Nella."

Mwalimu Gélase alivuta kiti akakaa katikati yao.

"Nianze na kosa langu," alisema. "Niliwapa sharti la kunawa bila kuwaambia sababu yake. Nella alisitasita, Houda akajibu haraka, nami nikamsadiki aliyejibu haraka. Nella, nimekukosea. Koki ni yako tangu sasa, kama bado unaitaka."

"Naitaka, Mwalimu."

"Houda, leo umesimama wakati hakuna aliyekuwa akikushuku. Si jambo rahisi, na nimeliona. Lakini sikiliza, na ninyi wote sikilizeni. Nilipokuuliza kama unanawa, sikuwa natafuta mtu wa kumwadhibu. Nilijua kwamba mafuta huua povu, na nilitaka kujua kama nitafute huko. Uliposema 'ego', nikaacha kutafuta huko nikaenda kutafuta kwa Nella. Kosa lenyewe lilikuwa dogo, maji kidogo na sabuni yangelimaliza. Uongo ndio uliolikuza, kwa sababu kosa likikataliwa na mwenyewe halipotei, linamwangukia mwenzake asiye na hatia. Na anayebebeshwa kosa lisilo lake anaweza kulibeba mpaka aanze kuogopa mikono yake mwenyewe."

Aliinuka, akaenda kwenye tangi, akamwita Nella kwa ishara ya kichwa. Nella alisogea polepole. Alishika koki kwa vidole viwili, akamtazama Mwalimu.

"Niiguse, ama tungoje kesho?"

"Wewe unaonaje?"

Nella aliinama akalichunguza povu kwa muda mrefu, darasa zima likimngojea. "Tungoje," alisema, na safari hii sauti yake ilisikika mpaka nyuma.