Ya Moshi na Ya Mahindi

Asubuhi, kabla treni haijaingia.

Chumba kilikuwa nyuma ya stoo ya asali. Nzi, nta, jasho. Antipasi aliweka chupa mbili mezani.

"Gari yangu, hii Noah, haibebi katoni zote," alisema. "Springi zimekufa. Tunachukua katoni za aina moja tu. Febro, onja. Utuambie ipi."

Febronia alivuta kiti. Alikuwa amefanya kazi kaunta ya hoteli kubwa Dodoma mpaka siku alipomzaba kibao mgeni aliyemshika kiuno. Alikuja Itigi na kitu kimoja tu cha kuuza: ulimi wake. Antipasi, aliyekuwa anasambaza pombe kwenye baa zote za mji, ndiye pekee aliyeutaka.

Sixbert alisimama mlangoni akitafuna kucha. Yeye ndiye utingo wa lori walilotaka kuliibia. Lori lilivunjika ekseli, likaburutwa mpaka kwenye yadi nyuma ya stesheni, na dereva akaenda Manyoni kutafuta kipuri. Ndani kulikuwa na wiski ya kwenda Tabora. Mlinzi mmoja, Mzee Gabrieli. Treni ikifika, mji mzima hukimbilia stesheni kuuza asali na kuku. Hapo ndipo wangekata sili ya mlango wa lori.

Febronia alimimina ya kwanza, ya Uskoti. Harufu ilimfikia kabla ya glasi: moshi wa kuni mbichi, dawa ya vidonda, chumvi. Alipomeza, moshi ulikaa kifuani, ukakataa kuondoka. Akasukutua kwa maji. Ya pili ilikuwa ya Marekani, ya mahindi. Hiyo iliteleza: sukari iliyoungua, vanila, ubao mpya. Tamu, halafu imekwisha.

"Sema," Antipasi alisema.

"Kwa bei, ya moshi ni mbuzi wawili. Ya mahindi ni mmoja, tena mwembamba. Ya moshi imekaa sana kwenye pipa, ina maneno mengi. Ila huku nani ataielewa? Mtu akiionja mara ya kwanza atadhani umemtilia majivu. Ya mahindi inajiuza yenyewe."

"Sijauliza ipi inajiuza. Ikitiwa kitu kingine, ipi itaficha?"

"Kitu gani?"

"Kitu."

Febronia alidhani ni maji. Wenye baa wote aliowahi kuwafahamu walikuwa na dhambi hiyo. "Ya moshi," alijibu. "Moshi unameza kila kitu."

Antipasi alitabasamu, meno ya dhahabu mawili. "Basi ya moshi. Singida mjini kuna harusi ya tajiri Jumamosi. Anataka wageni wake waone chupa ya Kizungu."

"Na mlinzi?" Sixbert aliuliza.

"Jana jioni nilimpelekea chupa. Nimetia dawa ya usingizi. Sasa hivi anakoroma."

Adhuhuri, treni imeingia.

Honi ililia. Barabara ikabaki tupu, vumbi tu. Noah iliingia yadini kinyumenyume. Sixbert alikata sili, Antipasi akaanza kupokea katoni. Kazi ya Febronia ilikuwa kibanda cha mlinzi: akiamka, amshikilie kwa maneno.

Mzee Gabrieli hakuwa amelala. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, matapishi kifuani, mikono inapapasa ukuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani wewe? Mbona kuna ukungu, mama? Mchana huu, mbona ukungu?"

Kwao Kinampanda, Febronia aliwahi kuona wanaume wakipapasa hivyo, waliokunywa gongo iliyotiwa spiriti ya kiwandani. Watatu walizikwa. Wa nne anaongozwa na mkewe kwa fimbo mpaka leo.

Chupa ilikuwa pembeni ya kitanda. Alidondosha tone moja kwenye ulimi. Moshi ulitangulia. Nyuma ya moshi, ukali mkavu, harufu ya fundi anayepaka rangi milango. Akatema. Akatema tena.

Alitoka mbio.

"Ulimpa nini yule mzee?"

"Punguza sauti," Antipasi alisema.

"Ni spiriti! Haoni!"

"Lakini yuko hai?" Antipasi aliweka katoni chini, akajifuta jasho bila haraka. "Ndicho nilichotaka kujua. Kama mzee wa umri ule hajafa, watu wa harusi watacheza mpaka kuche. Nina pipa zima nyumbani, Febro. Chupa moja inazaa tatu. Wewe mwenyewe umesema moshi unaficha."

Febronia alimtazama mtu huyu, shati limepigwa pasi, rozari shingoni, akaona anamtazama funza kwenye nyama.

"Kaka," Sixbert alisema, "hili hukuniambia. Ulisema usingizi."

"Panda gari."

"Kaka..."

Antipasi alichomoa bastola kiunoni. Sixbert alipanda, akashika usukani. Antipasi alimgeukia Febronia. "Baki na mzee wako. Ukifungua mdomo, na wewe umo. Ulimi ulioonja ni wako."

Noah iliondoka, tumbo lake likikwaruza ardhi.

Febronia alimbeba mzee mgongoni mpaka barabarani, matapishi yakimtiririkia shingoni, akasimamisha bajaji.

Alasiri, hospitali.

Daktari Loyce alikuwa mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Alimulika macho ya mzee, akanusa pumzi yake.

"Amekunywa nini?"

"Wiski iliyochanganywa na spiriti ya kiwandani. Jana jioni."

"Dawa yenyewe ya sumu hii naagiza Dodoma, itafika usiku. Kabla ya hapo nahitaji pombe safi, kali, nimpe kwa mpira wa puani kidogo kidogo. Ile safi inaizuia ile chafu isigeuke sumu zaidi. Nesi, kimbia baa ya jirani."

"Usikimbie," Febronia alisema. "Baa zote za hapa zinachukua mzigo kwa mtu mmoja. Ndiye aliyemnywesha huyu."

Daktari alimwangalia. "Safi ipo wapi, basi?"

Ilikuwa ndani ya lori, katoni za wiski ya mahindi ambazo Noah haikuweza kubeba. Na yadini kwa wakati huo, bila shaka, kulikuwa na polisi.

Angeweza kupita mlango wa nyuma. Basi la Tabora lilikuwa bado stendi. Kwenye ulimi, ladha ya ile spiriti ilikuwa ingali hai, na hakuwa na hakika kama ni spiriti au ni yeye mwenyewe.

Alirudi yadini kwa miguu. Watu walikuwa wamejaa. Sajenti wa polisi alikuwa anachunguza sili iliyokatwa. Febronia alipenya mpaka mbele yake.

"Afande, mimi ni mmoja wao. Mlinzi wa lori yuko hospitali, anakufa. Nipe chupa ya mahindi, iliyofungwa. Pingu utanifunga njiani."

Umati ukaanza kuguna. Mwanamke mmoja alimtemea mate begani. Hakujifuta.

Kwenye gari la polisi alitaja kila kitu: jina la Antipasi, pipa, harusi, njia ya kwenda Manyoni. Sajenti alipiga simu. Hospitali, daktari alikagua kifuniko cha chupa, akapima, akaanza kumpa mzee. Febronia alikaa kwenye benchi, mkono umefungwa kwenye chuma cha kitanda, akitazama ile wiski tamu ikishuka polepole kwenye mpira.

Giza lilipoanza kuingia, simu ya sajenti ililia. Sixbert alikuwa ameiendesha Noah moja kwa moja mpaka kwenye kizuizi cha polisi Manyoni, akazima injini, akatupa funguo dirishani. Antipasi alimpiga risasi begani kabla hajakamatwa. Sixbert angepona.

Mzee Gabrieli aliamka. Jicho la kushoto lilikuwa gizani. La kulia liliona taa, kisha dirisha, kisha mtu.

"Huyu ndiye aliyenileta?" aliuliza.

"Ndiye," sajenti alijibu. "Na ndiye aliyekuja kuiba na wenzake."

Mzee alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akaupata wa Febronia. Vidole vyake vilipanda taratibu kwenye kifundo, vikagusa chuma cha pingu. Vikasimama. Akauondoa mkono wake, akaufuta kwenye shuka, akageukia ukutani.

"Mtoeni," alisema. "Ananuka."